Majina Mawili Yaliyorukwa

Ndambiri, fundi wa majiko, alikuwa na ulimi mkali, na watu wa soko la Kianthiga walimsamehe kwa kuwa walijua ulinolewa wapi. Mkewe, Nelius Karimi, alifia kwenye ngazi za mto. Kuziita ngazi ni kuzipamba. Ni vikanyagio vya udongo ambavyo wanawake wa sokoni wamevichonga kwa miguu yao wenyewe, wakishuka kwenda kujisaidia vichakani, maana soko zima, na wauzaji wake mia na ushei, halina choo. Siku hiyo Nelius alimwachia jirani yake wa sokoni rundo la nduma alizokuwa akiuza, akashuka mvua ikinyesha, akateleza. Walimpandisha hadi barabarani, gari likamkimbiza Nkubu hospitalini, lakini alifika huko ameshakata roho.

Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe. Tangu hapo, aliyempelekea Ndambiri jiko likandikwe udongo mpya alirudi nalo likiwa na udongo, na hotuba juu yake.

"Wakubwa ndio waliomuua Nelius wangu," alisema, akigonga bati. "Kiwanja cha choo kilikuwepo. Mimi kwa macho haya nilikiona kikipimwa, kikiwekewa mawe ya mpaka. Wamekila. Umewahi kuona mtu akila choo? Hawa wamekila, na hata kunawa hawakunawa."

Watu walicheka, kisha wakamkumbuka marehemu. Walimwita Muembu wetu, kwa sababu alitoka Embu, upande wa Runyenjes, akafuata mke huku Meru, akabaki. Shule aliiacha darasa la tatu. Jina lake aliliandika vizuri, kwa mwandiko wa kujivunia. Kiswahili alikisoma kwa taabu. Kiingereza hakukijua hata herufi, na jambo hilo alilificha kama mtu anavyoificha suruali yenye kiraka, kwa kutoinuka.

Basi Julai hiyo ikaja kampeni. Ilikuwa ya nchi nzima, ikienda mji kwa mji, mkubwa kwa mdogo: wananchi waulize mji wao unaendeshwaje, na wenye ofisi wajibu papo hapo, tena wakiwa wamesimama. Ilikuja na lori lenye vipaza sauti, mahema mawili meupe, na kofia zilizoandikwa *Mji Wangu, Neno Langu*. Kianthiga ilifunga vibanda mapema. Ndambiri alikataa kofia.

"Nikivaa kofia yenu nitawezaje kuwatukana?" alimwambia msichana aliyekuwa akizigawa, na watu wa karibu wakaangua kicheko.

Alipewa kiti cha mbele. Mfiwa hukaa mbele. Binti yake Kajuju, anayefundisha chekechea pale kanisani, alikaa upande wa pili pamoja na wanawake wa nduma na ndizi, waliokuwa wakimlea tangu mama yake aondoke, ingawa alishakuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne.

Kiongozi wa kampeni alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Nairobi aitwaye Caroline, mpole wa sauti, asiye na haraka. Aliuliza nani ataanza. Hakuna aliyejisumbua kuinua mkono. Wote walimgeukia Ndambiri.

Na Ndambiri alisema. Alisema mpaka jasho likamtoka. Alisimulia mvua, udongo, kiatu kimoja cha Nelius kilichobaki mtoni na kingine alichozikwa nacho. Akamnyooshea kidole meneja wa mji, Mugendi, aliyekaa kwenye meza ya wakubwa na faili mbele yake. "Yule pale! Muulizeni kiwanja cha choo kilikwenda wapi. Muulizeni aliyekiuza alimuuliza nani. Sisi ni mbuzi? Hata mbuzi huangaliwa meno kabla ya kuuzwa!"

Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele vya uchungu. Mama Mwenda, aliyekuwa jirani ya Nelius sokoni, yeye aliyeachiwa zile nduma siku ya mwisho, alilia waziwazi.

Mugendi alingoja makofi yaishe. Alikuwa mtu wa tai na wa subira. "Poleni sana," alisema. "Lakini tusilaumiane kwa hewa. Ofisi hufanya kazi kwa karatasi." Akafungua faili. "Kiwanja kile hakikuuzwa gizani. Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na mkutano wa maoni ya wananchi. Wananchi wenyewe waliamua kijengwe maduka. Uamuzi uko hapa, na saini za watu sitini na wanne ziko hapa. Mwenye maduka anachimba msingi Jumatatu."

"Uongo!"

"Isomwe!"

"Asisome yeye, atasoma anavyotaka!"

"Apewe Kajuju! Kajuju asome, mtoto wetu!"

Caroline akaitikia, na Kajuju akapelekewa karatasi kutoka kwenye faili. Aliipitia kwanza kwa macho, maana ilikuwa ya Kiingereza, kisha akaitafsiri kwa ile sauti anayowaimbia nayo watoto. "Mkutano wa tarehe kumi na nne Machi, ukumbi wa kanisa. Waliohudhuria wamekubali, bila pingamizi, kwamba kiwanja cha choo cha soko kibadilishwe matumizi, kijengwe maduka. Wafuatao wametia saini."

Ukumbi wa kanisa. Ndambiri alisikia harufu ya chapati kabla hajakumbuka kitu kingine chochote.

Asubuhi ya siku ile Nelius alikuwa akijifunga mzigo wa nduma mgongoni. "Baba Kajuju," alimwambia, "wewe Mungu amekupa ulimi. Leo wanatafuta maoni yetu kule kanisani. Mimi siwezi kuziacha hizi zinyauke. Nenda uniulizie neno moja tu: choo chetu kinajengwa lini?"

Alikwenda na neno lake. Bwana mmoja alizungumza Kiingereza saa mbili nzima, akionyesha picha ukutani. Watu wakasinzia. Kisha milango ya jikoni ikafunguliwa, harufu ikaingia, na karatasi ikaanza kuzunguka pamoja na harufu hiyo. Karani wa ofisi, kijana Salesio, alikuwa mlangoni akipaza sauti: "Andika jina, weka saini, upite kwa sahani! Jina, saini, sahani!"

Hivyo ndivyo mikutano ilivyokuwa Kianthiga, na watu walishazoea: ukienda kutoa maoni, unaandika jina, unakula, unarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kuona maoni yakiandikwa. Kilichoandikwa ni walaji.

Juu ya majina palikuwa na mistari mingi ya Kiingereza. Ndambiri aliitazama kama mtu anayetazama mto asioweza kuuvuka. Angeweza kusema, "Kijana, hapa pameandikwa nini?" Lakini nyuma yake alisimama Mukiri mwenye duka la misumari, na miwani yake, na Ndambiri hakutaka Mukiri ajue. Akaandika jina lake kwa ule mwandiko wake mzuri.

"Na mke wangu je? Amebaki sokoni."

"Mwandike tu, mzee. Mchukulie yake."

Akamwandika. Nelius Karimi. Akamtilia na saini.

Hapa hemani, Kajuju alikuwa ameanza kusoma majina. Kila jina lilipotoka, mwenye jina alitafutwa kwa macho, na akishapatikana, ole wake.

"Kiende M'Arithi."

"Shosho! Kumbe nawe ulikula choo chetu!"

"Zilikuwa chapati ngapi, shosho? Sema tu, tuhesabu!"

Bibi Kiende, wa miaka themanini, alivuta leso akajifunika uso wote. Majina yakaendelea. Mwingine aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mwingine alitoka kabla hajafikiwa. Vicheko vilikuwa vya kuchapa, kama fimbo, na Ndambiri alikaa kwenye kiti chake cha mbele akikumbuka foleni ile: Gachoki mwenye kinu cha kusaga mahindi, halafu yeye, halafu Nelius asiyekuwepo, halafu Mukiri.

"Gachoki wa kinu."

"Gachoki! Unga wote ule ulio nao, bado unakimbilia chapati?"

Kicheko kikapanda. Kajuju hakuendelea. Alitazama karatasi. Kisha akainua macho yake moja kwa moja hadi kwa baba yake. Hayakukaa sana, muda tu wa mtu kujua kwamba ameonekana.

"Mukiri wa duka," akasoma.

Ameruka majina mawili. Katika watu mia tatu waliokuwa pale, aliyejua ni Ndambiri peke yake. Mukiri alikuwa amesharuka juu, akipiga kelele kwamba hiyo si saini yake, ameibiwa jina, na watu wakimzomea: "Miwani yote hiyo na hukusoma?" Lakini Ndambiri hakuwasikia vizuri. Masikio yake yaliwaka. Wana wa Nuhu walimfunika baba yao nguo wakirudi kinyumenyume wasimwone uchi. Huyu wake alimwona kwanza, ndipo akamfunika.

Majina yakafika mwisho. Mama Mwenda alisogea, akaweka mkono begani kwake. "Wewe angalau uko safi, baba Kajuju," alisema kwa sauti ya watu kusikia. "Wewe na marehemu. Nyinyi hamkutuuza."

Mkono ule ulikuwa mzito kuliko mzigo wa nduma.

Mukiri alipokana, na wengine wakapata njia. "Hata mimi sikuwepo!" "Nilikuwa Ruiri siku hiyo!" "Mimi siijui hiyo karatasi!" Ukisikiliza ungedhani tarehe kumi na nne Machi Kianthiga haikuwa na mtu.

Mugendi alitabasamu. "Hakuna aliyekuwepo? Basi ni mizimu sitini na minne iliyokula chapati za ofisi." Hata waliomchukia walicheka. "Mnaosema saini zenu zimeibwa, nendeni mahakamani. Kesi itachukua miaka yake. Msingi unachimbwa Jumatatu."

Caroline akanyoosha mkono kuomba utulivu. "Nisikilizeni. Mkiniambia saini ni za kughushi, ni kesi, na sina nguvu ya kusimamisha ujenzi. Lakini kama mlikuwepo, na jambo hili halikusomwa kwenu wala hamkuulizwa, mkutano huo si mkutano. Kampeni hii inaniruhusu kuandika leo uamuzi wake usimamishwe, na ujenzi usianze. Nahitaji mtu mmoja tu aliyetia saini aseme kwa kinywa chake: nilikuwepo, na hatukuambiwa. Mmoja."

Hema zima likawa kama kanisa wakati wa kuungama. Hakuna aliyetaka kuwa huyo mmoja, baada ya kuona Bibi Kiende alivyofanyiwa.

Ndambiri akawaza haraka, kama mwizi. Jina lake halikusomwa. Kesho atagonga bati kama kawaida, atawalaani wakubwa kama kawaida, na watu watamwambia pole. Hasira yake ndiyo iliyokuwa mkongojo wake miaka hii miwili. Akiuachilia atasimamia nini? Na Jumatatu watachimba, na wanawake wataendelea kushuka mtoni. Mvua za Oktoba hazikuwa mbali. Mama Mwenda alikuwa na goti bovu.

Akaamua kuondoka. Kweli, aliamua kuondoka, tusimpake sukari. Aliinuka akageukia nafasi iliyokuwa nyuma ya hema, kule jenereta lilikonguruma.

"Mzee anataka kusema tena!" mtu akapaza sauti. "Mpeni kipaza! Mpasulie, Muembu!"

Na kabla hajapiga hatua ya pili kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake na makofi yalikuwa yakimpokea. Mbele yake Kajuju alitikisa kichwa, kidogo sana. Usiseme.

"Kajuju," alisema Ndambiri, na sauti yake ikarudi kwake kutoka kwenye lori, kubwa, ya mtu asiyemjua. "Rudi nyuma. Baada ya Gachoki."

"Baba..."

"Umeruka. Soma."

Kajuju akairudia karatasi. Safari hii hakusoma kwa sauti ya kuimbia watoto. "Ndambiri Kivuti," alisema. "Nelius Karimi."

Makofi yalikatika kama kamba.

"Marehemu?" mtu akauliza.

"Marehemu hakuwepo. Alikuwa hapa hapa sokoni akiuza. Nilimwandika mimi, nikamtilia saini mimi, nipate sahani ya pili." Mtu mmoja alicheka, akajikuta peke yake, akaacha. "Nilikuwepo. Nilikaa karibu na dirisha. Hawakutusomea neno la kiwanja. Walisema Kiingereza mpaka tukalala, kisha wakaleta karatasi pamoja na chakula. Nami sikuuliza imeandikwa nini, kwa sababu Kiingereza sikijui, na Mukiri alikuwa nyuma yangu, na sikutaka ajue kwamba sijui."

Mukiri alivua miwani yake akaitazama. "Hata mimi sikuisoma," alisema taratibu. "Hii ni ya kuona mbali."

Hapo pangekuwa mahali pa kucheka, lakini Mama Mwenda alikuwa ameshasimama.

"Mimi ndimi niliyemshika Nelius kichwa pale mtoni," alisema. "Ukaja ukanililia, ukaniambia serikali imemuua. Miaka miwili unatuhubiria, baba Kajuju. Miaka miwili nakuletea uji kibandani."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umekula."

"Nilikula." Aliinua kidole kumwelekea Mugendi, kwa mazoea, lakini mkono haukufika mbali. "Hao walijua wanachotuwekea mbele. Hilo siwaondolei mpaka naingia kaburini. Mwizi ni mwizi. Lakini mlango nilimfungulia mimi, na jina la mke wangu ndilo ufunguo niliotumia."

Akaketi. Kipaza sauti kilibaki mapajani mwake kikinasa pumzi zake na kuzitangaza soko zima, mpaka mtu akaja akakichukua.

Kisha leso ilifunuka. "Mimi pia nilikuwepo," alisema Bibi Kiende kwa sauti nyembamba. "Na njaa ilikuwepo. Hawakutusomea." Gachoki akainua mkono. Na mtu mwingine akainua wake. Mugendi alifunga faili yake iliyokuwa tayari imefungwa, akamnong'oneza jambo Salesio, yule karani, aliyesimama nyuma yake, naye Salesio akatazama chini.

Caroline mwenyewe aliandika maelezo ya Ndambiri, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Aliwaambia watu kwamba ujenzi utasimama mpaka mkutano mwingine uitishwe, na jambo lenyewe lisomwe kwa lugha zao; hakuwaahidi choo. Wanawake walisikiliza bila vigelegele. Foleni ikaanza kujipanga ya wale waliotaka kusema kama Ndambiri, na karatasi ya maelezo yake ikawekwa mbele yake na kalamu juu yake.

Kajuju alikuja akasimama upande wa pili wa meza. Kwa Kimeru, chinichini, alimwuliza: "Mama alijua?"

"Hakujua."

"Alikula ile sahani."

"Aliila. Akanishukuru. Akasema hata wamemkumbuka na chakula." Ndambiri alitazama meza. "Alikuwa amenituma niulize choo kinajengwa lini. Aliponiuliza kama nimeuliza, nikamwambia nimeuliza, wamesema wanaliangalia. Mwaka mzima alikuwa akiniambia, baba Kajuju, watu wako bado wanaliangalia? Tunacheka. Ndipo akafa."

Kajuju aliinamia karatasi, akaipitia. Uso wake ulikuwa wa mama yake kabisa, ule wa siku za kuhesabu nduma zilizooza.

"Hilo halimo hapa," alisema baadaye, akigusa karatasi.

"Si lazima," alisema Caroline kwa upole. "Halihusu kiwanja."

"Liandike," alisema Ndambiri.

Caroline akamtazama binti. Kajuju alichukua kalamu, akainama, akaandika mistari mitatu chini ya mwandiko wa Caroline, haraka, bila kuinua kichwa. Kisha akaigeuza karatasi imwelekee baba yake, akaweka kalamu juu yake, akaondoka. Alipita kwenye foleni, akavuka barabara, akawafuata wanawake waliokuwa wakirudi vibandani kufunua nduma zao.

"Tia saini hapa, mzee," alisema Caroline.

"Ngoja kwanza," alisema Ndambiri. "Nisome."

Akaivuta karatasi karibu. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, midomo ikimcheza, akalisoma kwa sauti ya kujisikia mwenyewe, kisha la pili, akakwama, akarudi. Nyuma yake, kwenye foleni, Mukiri alikohoa, akangoja. Jua lilikuwa likizunguka hema, na ile mistari mitatu ilikuwa mbali bado, chini kabisa ya ukurasa.